Tuanzie ku Sindano, Tusianzie ku Bafle



Katika mitaa yetu ya Kolwezi, kama mutu amepata feza kidogo na anataka disiki zake zisikilikane muzuri zaidi, kitu cha kwanza anachotafuta ni bafle. Anataka bafle kubwa, ile yenye kugonga mpaka ku kifua. Kisha bafle anatafuta ampli ya nguvu, ili jirani naye ajue ya kama ampli imeingia mu nyumba. Lakini mashini yenyewe ya kupigia disiki inabaki ile ile ya zamani, na sindano inabaki ile iliyokuwamo siku mashini ilipofika. Mimi ninasema kazi namna hii ni kujenga nyumba kwa kuanzia juu.

Ninajua wengi hawakubali. Yaya mumoja wa darasa la sita aliniambia mbele ya watu: «Weye unasemaka sindano, sindano! Sindano ni ya fundi wa nguo. Muziki inatokaka mu bafle.» Watu walicheka, na mimi pia nilicheka, kwa sababu alisema vizuri. Lakini kusema vizuri ni kitu kimoja, na kuwa na haki ni kitu kingine. Bafle haisomi kitu. Bafle inarudilia tu yale ambayo sindano imesoma. Kama sindano imesoma vibaya, bafle kubwa itasema ule ubaya kwa sauti kubwa. Tena kuna neno lingine lenye kupita hilo: bafle mbaya haiharibu disiki. Ukiibadirisha mwaka ujao, disiki yako iko vile ilivyokuwa. Sindano mbaya inakula disiki, na kile kilicholiwa hakirudi.

Sasa tuulize, disiki hizo ni nini? Kama ingekuwa ni disiki za kuuzishwa kila pahali, singeandika. Lakini mu masanduku ya baba na nkambo zetu, wale waliofanya kazi ya Union Minière na kisha ya Gécamines, kuna disiki ambazo hautaziona mu magazini yoyote leo. Kuna za Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, katika jimbo letu hili la Lualaba. Alizaliwa mwaka 1930. Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na mashini yake ya kurekodi, alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamurekodi mwaka 1952, na nyimbo zile zikatoka ku disiki za Gallotone za Afrika ya Kusini. Kuna za Edouard Masengo. Kuna za Losta Abelo. Watu hawa waliimba mu Kiswahili chetu, si kile cha buku, na gitaa yao ilisikilikana mpaka Nairobi. Mwenda alikufa ku barabara, katika aksida, mwaka 1990 huko Zambia. Hatatupigia tena. Pembeni ya hizo kuna disiki ndogo za Ngoma na za kampuni zingine za Kinshasa ya wakati ule, na pengine disiki ya kwaya ambayo ilitengenezwa chache tu na kugawanywa kati ya watu. Utaniambia: «Siku hizi yote iko mu telefone.» Zingine ziko, ni kweli. Zingine haziko. Tena haujui ni ipi ya kwako haiko mpaka umeitafuta.

Kwa hiyo tuongee juu ya sindano.

Mufereji wa disiki ya mizunguko 33 au 45 ni mwembamba sana. Ncha ya sindano yake iko na mviringo wa karibu mikromita 18. Mufereji wa disiki ya zamani ya mizunguko 78 ni mupana, na sindano yake inaomba mikromita 65 au 75 hivi, maana yake karibu mara nne. Ukitia sindano nyembamba ku disiki ya 78, inashuka mpaka chini ya mufereji, mahali vumbi na uchafu wa miaka 70 unalala, na utasikia kelele kama mafuta yanakaangwa. Ukitia sindano nene ku disiki ya 33, haiingii, inatembea juu ya kingo na kuzikwangua. Mashini nyingi za zamani ziko na ka kichwa kenye kugeuka: upande mumoja umeandikwa 78, upande mwengine LP. Watoto mu nyumba wanageuza bila kuangalia. Ninaomba muangalie.

Kisha kuna jiwe lenyewe. Sindano za bei ndogo za zamani zilikuwa za safiro. Safiro inadumu karibu saa 50. Almasi inadumu saa 500, na ikitunzwa vizuri inaweza kufika 1,000. Tufanye hesabu kidogo, mwalimu wetu wa hesabu atafurahi. Nyumba inayopiga nyuso kumi za disiki kubwa kila siku ya Mungu, dakika 20 kila uso, inatumia saa 3 na dakika 20. Saa 50 za safiro zinaisha kwa siku 15 za Mungu, hata miezi ine haifiki. Na ile sindano iliyo mu mashini ya nkambo iko pale tangu wakati gani? Jibu ninawaachia wenyewe. Sindano iliyokwisha haiko tena na mviringo, iko na pembe kama patasi ya seremala. Inaendelea kutoa muziki, ndiyo sababu watu hawashituke. Inatoa muziki na inachonga.

Uzito vilevile. Hapa Kolwezi tunajua kupima. Ku Musompo watu wanapima magunia ya madini na kugombana juu ya kilo. Lakini sindano inapimwa kwa grama. Selile ya sumaku, maana ile kichwa chenye sindano, inafanya kazi na grama 1.5 au 2. Selile za zamani za seramiki zilikuwa zinaomba grama 4, 5, na hata kupita. Ncha ni ndogo sana, kwa hiyo hata grama moja ya kuongeza ni mzigo mukubwa ku ukuta wa mufereji. Nimeona mutu ametia kipande cha makuta juu ya mukono wa mashini ili sindano isiruke. Sindano haikuruka tena, ni kweli! Ilikuwa inalima. Balansi ndogo kama ya wauza zahabu, yenye kupima mpaka sehemu ya mia ya grama, si kitu cha bei kali, na watu wanne au watano wanaweza kuinunua pamoja. Inatumika mara moja kwa mwezi tu.

Sasa hapa njo watu wengi wanajidanganya: wanawaza ya kama wanaweza kununua selile mupya ya sumaku na kuitia ku mashini yoyote. Hapana. Mukono wa mashini ya zamani ya seramiki ni muzito na mugumu, hauwezi kubeba grama 2 kwa utulivu. Tena selile ya sumaku inatoa umeme kidogo sana, milivolti 3 mpaka 5 tu. Ya seramiki inatoa mara mia ya hiyo, ndiyo maana iliweza kuingia moja kwa moja mu radio ya mzee. Ile ya sumaku ukiitia mu mulango wa kawaida wa ampli, utasikia sauti kama ya mutu anayeongea ndani ya mutungi. Lazima preampli, kwa kazi mbili: kuongeza nguvu karibu mara mia, na kunyoosha sauti. Kwa maana disiki inapochongwa, sauti nzito zinapunguzwa ili mufereji usipanuke, na sauti nyembamba zinaongezwa. Preampli inafanya kinyume chake. Utaratibu huu ulikubaliwa ku Marekani mwaka 1954 na leo dunia yote inaufuata. Habari njema ni hii: ampli nyingi za Ulaya za miaka ya 1970 ziko na preampli ndani. Tafuta nyuma mulango ulioandikwa PHONO. Mutu anaweza kutupa ampli namna hiyo ili anunue mupya yenye bluetooth na taa za rangi, kisha arudi kununua preampli pembeni. Feza mara mbili.

Kwa mashini yenyewe, mawazo yangu ni haya. Ile ya sanduku, yenye rangi nzuri na bafle mbili ndogo ndani, siipendi. Nyingi ziko na selile ya seramiki yenye kulemea grama 5 hivi, na hakuna parafujo ya kupunguza. Kwa disiki iliyonunuliwa jana, si neno. Kwa disiki ya nkambo, hapana. Kuliko hiyo, mashini ya mukono wa pili kutoka Ubelgiji, ile ambayo uzito wake unaweza kurekebishwa kwa kuzungusha kipande cha nyuma cha mukono. Dual, Philips, Thorens, zote zinakubali. Mimi kama ningechagua, ningechagua Lenco L75, ya Uswisi, kwa sababu mizunguko yake haifungwi ku namba. Kuna kijiti unachokisukuma polepole, na inapanda kutoka chini ya 33 mpaka kupita 78. Kwa mutu mwenye disiki za 78, hiyo ni baraka, kwa maana Thorens TD 160, hata ikiwa nzuri vile, inajua 33 na 45 tu. Tena disiki nyingi zilizoandikwa 78 hazikurekodiwa kwa 78 kamili. Ukiwa na kijiti, unasikiliza sauti ya mutu na unarekebisha mpaka awe mutu.

Ku selile, angalia kwanza kama sindano yake ingali inatengenezwa. Shure ya Marekani, iliyokuwa jina kubwa, iliacha kutengeneza selile mwaka 2018; sindano zake leo ni za kuiga, zingine nzuri, zingine mbaya. Mwaka ule ule Audio-Technica ya Japani ilitoa aina ya VM95, na kitu kinachonipendeza ndani yake ni kimoja: mwili ni ule ule na sindano inachomolewa kwa vidole. Unaanza na ya bei ndogo, kisha unapanda, na kuna sindano ya 78 pia yenye kuingia mu mwili ule ule. Mutu wa feza kidogo anaomba kitu namna hiyo. Anapanda ngazi bila kubomoa.

Tuje ku umeme. Hapa ninaomba usikivu, kwa sababu nimeona watu wakiumizwa na jambo hili. Umeme wetu ni volti 220 na hertz 50. Ndugu ambaye iko Marekani akikutumia mashini ya kwao, ni ya volti 120 na hertz 60. Fundi atakuambia: «Tia transfo, iko bien.» Transfo inabadirisha volti, lakini hertz haibadirishi. Kama motere ni ile yenye kufuata hertz, itazunguka mara tano juu ya sita: mahali pa 33 utapata karibu 27.8, na Mwenda ataimba kama mutu aliyetoka ku usingizi. Hakuna ampli wala bafle itakayoponya hiyo. Ni ajabu kidogo kwetu, kwa sababu Kolwezi njo mahali laini ya Inga inaishia, karibu kilometa 1,700 kutoka ku muto mukubwa. Inafika hapa ikiwa umeme wa kwenda upande mumoja tu, na ku kituo cha hapa njo inageuzwa kuwa hertz 50. Tuko na Nzilo na Nseke ku Lualaba yetu. Na bado tunajua wote delestaje ni nini.

Wakati wa delestaje watu wanawasha grupu. Grupu ndogo haishike hertz vizuri: ukifungua friji, inashuka, ukifunga, inapanda, na wimbo unapanda na kushuka nayo kama mulevi ku ngazi. Mashini yenye motere ya umeme wa upande mumoja, ile yenye ka transfo kadogo pembeni, haijali hayo sana. Kwa hiyo, mutu anayeishi na grupu au na bateri ya jua achague ya namna hiyo, hata kama jina lake si kubwa. Na kabla ya bafle, stabilizateri. Volti zikianguka mpaka 160 na kurudi ghafula, ampli ya zamani inaungua, na kipande chake hakipatikani hapa wala Lubumbashi.

Sasa bafle. Sikatae bafle, ninasema tu iwe ya mwisho. Lakini kuna historia moja ambayo kila mwana wa Kolwezi anapaswa kuijua, na sisikii watu wakiisimulia. Zamani sumaku nzuri za bafle zilikuwa za alniko, maana yake alumini, nikeli na kobalti. Katika aina iliyopendwa zaidi, kobalti ilikuwa karibu robo ya uzito. Na kobalti ya dunia ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilitoka hapa, ku Shaba, vile jimbo lilivyoitwa wakati ule. Mwaka 1977 vita ya kwanza ilipita upande wetu, na tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FLNC wakaingia Kolwezi yenyewe; siku sita kisha, askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Wazee wetu walioona siku zile hawapendi kuziongea, na mimi siwalazimishe. Lakini mbali na hapa, wenye magazini ya sumaku waliona bei ya kobalti ikipanda kwa namna ambayo hawakuizoea. Makampuni ya bafle, kati yao JBL ya Marekani, yakaacha alniko na kuingia ku feriti, sumaku nyeusi ya bei ndogo yenye kutokana na chuma. Mpaka leo bafle nyingi ni za feriti. Katika Ulaya na Japani kuna watu wanaolipa feza mingi kwa bafle ya kabla ya 1978, wakisema alniko ina utamu wake. Sijui kama wanajua ni mitaa gani ililia ili utamu ule uishe.

Kwa sisi, neno la maana ni hili: usitafute alniko. Feriti iliyotengenezwa vizuri inatosha kabisa. Lakini kama mu nyumba yenu kuna bafle ya zamani ya Ulaya, yenye karatasi iliyopasuka, usiitupe ku jalala mbele ya kuiangalia. Mara nyingi kinachooza ni ule mukufu wa sponji unaozunguka karatasi, na fundi mwenye mikono anaweza kuuweka mupya. Sumaku haiozi. Inawezekana ndani yake kuna kobalti iliyochimbwa hapa, ikaenda Ulaya, na ikarudi ku nyumba yake mwenyewe ikiimba.

Juu ya nguvu, neno fupi. Bafle yenye kutoa desibeli 3 zaidi kwa wati moja inafanya kazi ya ampli yenye nguvu mara mbili. Soma namba hiyo nyuma ya bafle kabla ya kusoma wati.

Na waya? Kunauzishwa waya za bafle zenye ngozi ya rangi na zahabu ku ncha, bei yake inashinda selile. Ninyi wa darasa la tano muko na hesabu hii mu fizikia. Waya ya kawaida ya shaba, ya milimeta mraba 1.5, mita tano kwenda na mita tano kurudi, ukinzani wake ni karibu ohm 0.11. Bafle ni ohm 8. Sikio gani litasikia tofauti ile? Sisi watu wa shaba tununue shaba yetu mara ya pili kwa bei ya zahabu, ni haya. Nunua waya ya nyumba ku magazini. Ya magazini, ninasema. Si ile yenye kuuzishwa usiku kwa kilo, kwa maana ile njo inayotuletea giza mu mtaa.

Mambo mengine hayaombi feza. Mashini usiiweke juu ya bafle wala juu ya meza moja nayo, sauti itarudi ku sindano na kuanza kuguruma. Iweke ku pahali pazito, hata juu ya kipande cha beto, pembeni ya ukuta. Wanaoishi karibu na machimbo wanajua ya kwamba saa ya kulipua nyumba inatetemeka. Saa ile inua mukono. Ile waya ndogo ya tatu yenye kutoka ku mashini, usiikate. Ifunge ku parafujo ya nyuma ya ampli, na ule mungurumo utaisha. Vumbi yetu nyekundu ni adui wa kila siku. Disiki za 33 na 45 zioshwe kwa maji safi ya kutia mu bateri na tone la sabuni, si asidi, muangalie chupa vizuri. Disiki za 78 usizitie alkoli hata kidogo: zilitengenezwa na gundi ya vidudu vya India, na alkoli inaiyeyusha. Baba mudogo mumoja wa mtaa wetu alisafisha tatu kwa alkoli ya hospitali, zikabaki zinangaa na bila wimbo.

Kama feza iko kumi, mimi ningegawanya hivi: ine ku mashini ya mukono wa pili, tatu ku selile na sindano ya akiba, mbili ku preampli na stabilizateri, moja kwa balansi, brosi na waya. Bafle zibaki za zamani mwaka mmoja. Kisha, siku sindano iko mupya na disiki imeoshwa, irekodi mara moja ku telefone kwa waya, si kwa kuiweka mbele ya bafle watoto wakilia. Andika ku bahasha: nani ameimba, nani aliinunua, mwaka gani. Waulize wazee wakati wangali wanakumbuka. Familia nyingi zimehama katika mji huu kwa sababu ya machimbo, na katika kuhama, vitu vya kwanza kuachwa ni vile vizito ambavyo havina kazi: buku na disiki.

Wale ambao hawakubaliane nami, na zaidi yule yaya wa darasa la sita, waandike. Karatasi mbili, zisipite, mwandiko wa kusomeka, na waniletee mbele ya juma la interro, kwa sababu kisha hapo mashini ya kuchapa itakuwa na kazi ya walimu.